Tafakari ya Vijana: Miaka Mitatu Bila Tunda (Lk 13:6-9)



Leo nataka tuutafakari ule mfano wa mtini usiozaa, na nitautafakari kama mtu mwenye bustani, maana ninayo. Wanaonifuatilia hapa wanajua kwamba naishi Marekani, jimbo la Massachusetts (jimbo la serikali, siyo la Baba Askofu), upande wa kusini-mashariki karibu na bahari. Nyuma ya nyumba tunayopanga mwenye nyumba ametupa kipande cha ardhi. Wenzangu wamepanda sukuma wiki, na maboga kwa ajili ya majani. Mimi nimepanda kranberi.

Kwa asiyeijua: ni mmea unaotambaa chini, una majani madogo magumu ambayo hayapukutiki, ila baridi ikija yanageuka rangi ya damu ya mzee. Tunda lake ni jekundu, saizi ya kunazi, chachu kupita ukwaju, na lina ukakasi. Wengi wenu mmeonja juisi yake ya sanduku, ambayo imetiwa sukari mpaka imesahau ilikotoka. Ni mmea wa huku huku. Wampanoag, wenyeji wa pwani hii, walikuwa wanalichuma kabla Mzungu hajafika, wakiliita sasumuneash. Ukilipasua tunda utakuta vyumba vinne vyenye hewa tu ndani. Ndiyo maana linaelea, na ndiyo maana wakulima wakubwa hujaza maji shambani wakati wa kuvuna. Mmeona zile picha za watu wamesimama majini mpaka mapajani, wamezungukwa na bahari nyekundu? Watu wakiziona wanadhani kranberi inakua majini. Hapana. Maji yanafunguliwa wakati wa mavuno, na tena wakati wa baridi kali ili barafu iufunike mmea. Siku nyingine zote ni mmea wa nchi kavu, kwenye mchanga na mboji.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa parokia yetu ambaye alikulia kwenye familia ya wakulima wa kranberi. Namwita Bibi na ameshazoea. Mwezi wa tano mwaka 2022 tulitengeneza fremu ya mbao, mita moja na robo kwa mbili na nusu hivi, tukachimba kina cha sentimita 20, tukatoa udongo wote na kujaza mboji ya kinamasi, ile wanayoiita piti. Kranberi inataka udongo mchachu kweli kweli, pH kati ya 4 na 5. Sukuma wiki ya mwenzangu ukiihamishia humo itadumaa. Mimi nilitaka kuleta ufundi wa nyumbani wa kumwaga majivu. Bibi akanizuia mapema: majivu yanaondoa uchachu, na bila uchachu mmea huu unakuwa wa njano na kufa. Hata maji ya bomba hayaamini, maana yanaweza kuwa na chokaa. Tunakinga ya mvua kwenye pipa. Tukapanda miche kwa umbali wa sentimita 30, juu tukamwaga mchanga kidogo, kama unene wa kidole. Ikawa jioni.

Ikawa pia mwaka mzima, na hakuna tunda. Mwaka wa pili, hakuna tunda.

Sasa, baba yangu analima mpunga Ifakara. Mpunga haukuzungushi: unapanda, unapalilia, unafukuza ndege, unavuna, mwaka huo huo. Nilipomwambia kwa simu kwamba nina mmea mwaka wa pili na sijachuma hata punje, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, ng'oa hiyo kitu, panda mchicha." Tulicheka sana. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025, Kwaresima, alipiga simu tena na safari hii hakuna aliyecheka.

Ilikuwa habari ya mdogo wangu wa kiume. (Ameniruhusu niandike, kwa sharti nisitaje jina.) Amemaliza chuo 2022, uhasibu, na matokeo mazuri. Tangu hapo ni maombi ya kazi, usaili, "tutakupigia", kimya. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya vijana parokiani, akaacha. Akaacha jumuiya. Mwisho akaacha Misa. Baba akaniambia, "Nimeuza mashamba mawili kumsomesha. Mwaka wa tatu huu namwangalia. Aondoke hapa nyumbani akajitafute, ardhi siyo ya kukalia bure." Baba si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya tatu ya Kwaresima, Mwaka C. Nimekaa kanisani, shemasi anasoma Injili: mwenye shamba amefika, ameuangalia mtini, hakuna kitu. Anamwambia mtunza shamba kwamba ni mwaka wa tatu sasa anakuja na kuondoka mikono mitupu, basi ukatwe, kwa nini uendelee kuichosha ardhi bure. Jamani. Nilihisi kama Padre kapigiwa simu na baba yangu.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huu na karibu yote yananielekeza niogope shoka. Ni sawa, shoka lipo, na Bwana Yesu alitoa mfano huu akiwa amemaliza kuwahimiza watu watubu. Lakini safari hii nilimsikiliza yule mtunza shamba. Angalia anachokifanya. Habishani na hesabu ya bosi. Miaka mitatu ni mitatu. Hasemi mti huu ni mzuri, umeuonea. Anaomba mwaka mmoja, na papo hapo anataja kazi atakayoifanya yeye mwenyewe: atauchimbia pembeni, atautilia samadi. Yaani mwaka anaouomba una jembe ndani yake. Sisi tunapenda kumwambia mwenzetu "subiri wakati wa Mungu" halafu tunaweka simu mfukoni, tunaenda kula. Yule bwana hakumwambia mti subiri. Alimwambia mwenye shamba asubiri, na mti akaushikia jembe.

Basi nikampigia baba. Nikamwomba mwaka mmoja. Akaniuliza swali la mkulima: "Utafanya nini ndani ya huo mwaka?"

Hapo ndipo kranberi ilinisaidia, na hapa naomba mnivumilie nieleze kilimo kidogo.

Mmea huu una matawi ya aina mbili. Kuna yanayotambaa chini kama marando ya viazi vitamu, yanakimbia huku na huku. Na kuna machipukizi mafupi yanayosimama wima kutoka kwenye hayo marando, urefu wa kiganja hivi. Matunda mengi yanakuja kwenye yale yaliyosimama. Miaka miwili ya mwanzo unauacha mmea ukimbie, hata unaupa mbolea kidogo ya naitrojeni, ili uijaze fremu. Lakini ukizidisha mbolea, au ukiendelea nayo, mmea unapendeza hadi jirani wanakusifia, kijani tupu, marando yanatoka hadi nje ya fremu, na tunda hupati. Mwaka wa tatu, aliniambia Bibi, funga mfuko wa mbolea. Mwaga mchanga.

Mchanga! Hauna chakula chochote. Unachofanya ni kulilalia rando. Rando likifunikwa na mchanga linatoa mizizi pale pale lilipolala, na machipukizi mapya yanasimama juu yake. Hili si jambo la Bibi peke yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1816 bwana mmoja aitwaye Henry Hall, mtu wa mji wa Dennis hapa hapa Massachusetts, aliona kwamba pale upepo ulipopeperusha mchanga wa ufukweni ukaifunika kranberi yake, mimea haikufa, bali ilistawi zaidi. Mpaka leo wakulima humwaga mchanga kila baada ya miaka kadhaa. Kuna wanaoumwaga wakati wa baridi juu ya barafu, halafu wanaondoka zao. Barafu ikiyeyuka, mchanga unashuka taratibu wenyewe na kutua kwenye mmea. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikilifikiria.

Turudi kwa mdogo wangu. Mwaka 2023 alikimbia. Mikesha, makongamano, novena tatu kwa mpigo, vikundi vya maombi vya mtandaoni usiku wa manane, na hata kwa nabii fulani wa mjini alifika, maana rafiki yake alitoka huko na ushuhuda. Kila mahali anasikia shuhuda. Fulani kasali siku tisa, ya kumi kapigiwa simu na benki. Sidharau shuhuda, nami nimewahi kutoa. Lakini shuhuda ni kama ile naitrojeni. Kijana aliyelishwa hizo peke yake kwa mwaka mzima anakuwa na maneno mengi ya imani, anaonekana amewaka, na kumbe hana mahali alipoota mzizi. Siku ya kumi simu isipoita, hitimisho lake ni moja tu. Na ndilo aliloniandikia: "Dada, Mungu ananipita. Wenzangu anawaona, mimi ananipita."

Sikumjibu kwa mstari wa Biblia. Nilimwomba mambo ambayo ni mchanga mtupu. Afanye kazi yoyote ya hesabu, hata ya bure, asikae. Aende shambani na baba siku mbili kwa wiki, maana hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Na usiku, kabla ya kulala, asali Baba Yetu moja, bila kuomba ajira ndani yake. Moja. "Na Misa?" akauliza. Nikamwambia Misa ni Jumapili, kanisa liko palepale, na mimi simvuti shati kutoka Marekani. Ila nitakuwa naenda kwa ajili yetu wote wawili mpaka atakapokuja. Kuna wasomaji watasema nilikuwa laini mno. Huenda. Amri ya Kanisa naijua na yeye anaijua, ameifundisha Kipaimara. Ila rando lililokatika halifukiwi kwa teke.

Kuna kitu kingine nilimwambia baadaye, mwezi wa nane, nilipokiona kwa macho. Tumba la maua la kranberi halitengenezwi katika mwaka wa mavuno. Linatengenezwa mwaka uliotangulia. Mwishoni mwa kiangazi cha huku, wakati matunda ya mwaka huu yanaanza kuwa mekundu na kila mtu anayaangalia hayo, kwenye ncha ya machipukizi yaliyosimama kunajitokeza kitu kidogo kama punje ya ulezi. Ndani yake kuna maua ya mwakani. Halafu inakuja baridi, theluji, miezi. Na baridi yenyewe si ya kuvumiliwa tu, inahitajika: kranberi isipopata saa nyingi za baridi, wiki kwa wiki, chini ya nyuzi 7 hivi, mwaka unaofuata haitoi maua inavyopaswa. (Kwa hiyo msije mkanunua miche mtandaoni mkaipande Mbezi au Nyali. Haitazaa. Pandeni zambarau.)

Sasa niwe mwangalifu hapa. Sisemi kukosa ajira ni baraka iliyojificha. Sisemi Mungu anawaweka vijana kwenye baridi makusudi ili wazae. Kukosa ajira kuna sababu zake za kibinadamu na nyingine ni dhambi za watu wazima wenye ofisi. Mtu akikwambia njaa yako ni mpango wa Mungu, muulize yeye amekula nini. Ninachosema ni kidogo zaidi: kwamba kutosikia chochote katika sala si ushahidi kwamba hakuna kinachotengenezwa. Mtakatifu Teresa wa Kolkata, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, dunia nzima ilishangaa kujua kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kuwahudumia maskini alisali gizani, bila kuhisi uwepo wa Mungu. Kanisa lilizisoma barua hizo, na mwaka 2016 likamtangaza mtakatifu. Miaka ile ya ukavu haikuhesabiwa kuwa miaka mitupu.

Na ona tofauti hii, maana wengine wanapenda kupimana. Mtini wa kwenye Injili ulihitaji samadi. Kranberi ukiitilia samadi mbichi unaiharibu. Mtunza shamba anaujua mti alionao. Yale yaliyomfaa mwenzako wa TYCS, ratiba yake ya sala, wito wake, haraka yake, yanaweza kuwa majivu kwenye udongo wako. Ndiyo maana nawasisitiza mtafute padre au mtawa au mtu mzima wa imani anayekufahamu wewe kwa jina, siyo mhubiri wa video anayewahutubia watu laki moja kwa mpigo. Video endeleeni kuangalia, mimi pia naangalia. Lakini video haiwezi kukuchimbia pembeni.

Mtaniuliza mavuno. Mwaka jana, 2024, ndio ulikuwa wa tatu. Maua yalikuja mwezi wa sita, madogo ya waridi, petali zimekunjwa nyuma. Husimuliwa kwamba walowezi wa kwanza waliona yanafanana na kichwa cha korongo, na kwamba jina la tunda huko ndiko lilikotoka. Nyuki wale wanene wenye manyoya walifanya kazi yao. Mwezi wa kumi nilichuma matunda 63, nikayahesabu moja moja, yakajaa kikombe cha chai. Kufikia hapo nilikuwa nimetumia fedha ambazo zingeninunulia kranberi za dukani za miaka. Mwaka huu nimepata kilo moja na robo. Bibi alinifundisha kuyajaribu: unaliangusha tunda juu ya ubao, zima linadunda kama mpira, lililooza linabaki pale pale lilipoangukia. Nusu nimepika na sukari na tangawizi kwa ajili ya chakula baada ya Misa ya Kiswahili. Watu walikunja nyuso, kisha wakaomba tena.

Mdogo wangu? Ajira ile aliyosomea bado hajapata. Ni Novemba, na mwaka niliouomba kwa baba unaisha Machi. Anaandika hesabu za mashine ya kukoboa mpunga ya jirani, siku tatu kwa wiki, na mwenye mashine ameanza kumlipa tangu Agosti, si nyingi. Siku nyingine yuko shambani. Baba aliniambia wiki iliyopita, kwa sauti ile anayotumia akizungumzia bei ya mbolea, kwamba kijana amegundua walikuwa wanapunjwa kwenye magunia. Kwaya hajarudi. Misa amekwenda mara mbili, Kupalizwa na siku ya Marehemu Wote, akakaa nyuma.

Bwana Yesu hakutuambia mwisho wa ule mtini. Nimeisoma sura hiyo ya Luka mara nyingi kutafuta kama ulizaa, na mfano unakatika pale pale mtunza shamba anapomaliza kuomba. Hatujui hata kama mwenye shamba alikubali. Mimi baba yangu alikubali, kwa hiyo mpaka Machi nina kazi. Juzi nimefunika fremu yangu kwa majani ya misonobari, baridi imeanza, na kwenye ncha za machipukizi nimehesabu matumba hadi nikaacha kuhesabu.

Naomba Salamu Maria moja kutoka kwa kila anayesoma hapa, kwa ajili ya mdogo wangu na kwa ajili ya baba pia. Na kama kwenye jumuiya yako yupo kijana ambaye siku hizi haonekani, na unajua anapokaa, nenda Jumamosi hii. Usiende na ushuhuda. Nenda na jembe, au na mkate.

Tumsifu Yesu Kristo.